Mwalimu akihama, ualimu wake hubaki wapi?

Katika makundi ya WhatsApp ya walimu huku Nakuru na Kisumu, Kenya, kuna tangazo linalojirudia kila muhula ukikaribia kufungwa. Husomeka hivi, au karibu na hivi: "Natafuta wa kubadilishana naye kituo. Niko Kuresoi Kusini, sekondari, Kiswahili/Dini. Naelekea Bondo, Rarieda au Gem. Aliye tayari anicheki pembeni." Chini yake majibu huanza kuingia. "Mimi niko Gem lakini Hisabati/Fizikia." "Pole mwalimu, baridi ya huko nani ataiweza?" Mara nyingine hajibu mtu.

Tangazo hilo halisemi mwenyewe ni mwalimu wa namna gani. Halitaji kama ndiye anayefundisha kwaya, kama wazazi humpigia simu usiku mtoto akitoroka, au kama akianza kufundisha ushairi husahau kengele. Anayetafuta wa kubadilishana naye anahitaji mambo matatu tu: kituo, masomo na upande anakoelekea. Kwa mwajiri, walimu wawili wa Kiswahili na Dini ni sawa kwa sawa. Mmoja akitoka na mwingine akaingia, hesabu ya shule haijapungua. Walimu wenyewe wanajua si sawa. Kati ya mwalimu anayehesabika na mwalimu anayejulikana kuna pengo, na uhamaji ndio hulifichua.

Mjadala wetu kuhusu walimu kuhama huwa wa mshahara na uhaba. Nani analipa vizuri zaidi, shule gani imebaki bila mwalimu wa Kemia. Ni maswali ya haki kabisa, lakini hayaelezi kwa nini mwalimu aliyehamishiwa shule nzuri zaidi, kwa pesilipu ileile na marupurupu juu yake, hunyong'onyea mwaka mzima. Wala kwa nini mwingine aliyekwenda nchi ya mbali akakaa chumba kimoja na wenzake watatu husema huko ndiko alikojiona mwalimu kamili kwa mara ya kwanza. Watafiti wa elimu huliita jambo hili utambulisho wa kitaaluma: jinsi mtu anavyojibu swali la yeye ni mwalimu wa aina gani, na nani mwingine anakubaliana na jibu hilo. Sehemu ya pili ya swali ndiyo husahaulika. Huwezi kuwa mwalimu peke yako chumbani.

Jibu lenyewe huanza kuundwa mapema mno. Mwanasheria huingia chuo kikuu akiwa hajawahi kukaa mahakamani hata wiki moja, lakini mwalimu mtarajiwa amekwisha kukaa miaka 12 au zaidi akimtazama mwalimu kazini, kila siku ya shule. Amejua jinsi anavyoingia, anavyonyamaza ili darasa linyamaze, anavyokuna kichwa swali likimshinda. Chuo humkuta na picha hiyo tayari. Kwa hiyo anapohama, hasa akivuka mpaka wa lugha au wa nchi, huwa anafundisha watoto ambao wana picha nyingine kabisa ya mwalimu vichwani mwao.

Nyumbani, kinachomfanya mtu awe mwalimu huonekana kuwa kitu kimoja. Ukikitazama vizuri utaona kina sehemu ambazo hazisafiri kwa mwendo mmoja.

Kuna karatasi. Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, iliyoanza 1967 na ambayo tangu 2010 inatajwa kwenye Katiba, ibara ya 237, husajili walimu, huwaajiri, huwapandisha vyeo na kuwaadhibu. Bila namba ya TSC, kisheria huna ruhusa ya kufundisha nchini. Namba hiyo huchukua uzito wa ajabu maishani mwa mtu. Ndiyo hufungua mlango wa mkopo na wa bima, na mwalimu mzee aliyestaafu zamani bado ataitaja bila kutafuta. Kuna pia ujuzi wa mkono: kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, kulitawala darasa la watoto 60 wanaogawana kitabu kimoja watatu watatu, kuandika ubaoni huku masikio yako nyuma. Na kuna watu.

Hao watu nitakaa nao kidogo, kwa sababu katika upande huu wa nchi wao ndio wenye uzito kuliko yote. Wamishonari wa Kanisa la Marafiki (Quaker) walifika Kaimosi 1902, na shule ya Maseno ikaanzishwa na wamishonari Waanglikana wa CMS mwaka 1906. Kutoka huko walitoka watu waliojua kusoma wakati ambapo barua ya serikali ikifika kijijini chifu aliizungusha hadi ampate wa kuisoma. Mwalimu akawa mwandishi wa barua, msomaji wa ibada, mpatanishi, na mara nyingi mwanasiasa. Oginga Odinga alifundisha Maseno kabla ya siasa, na Daniel arap Moi alikuwa mwalimu kabla ya kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Urithi huo haujaisha. Nenda kwenye matanga Siaya au Vihiga leo uangalie ni nani ameshika daftari la michango, ni nani anaandika ratiba ya mazishi na kusahihisha wasifu wa marehemu, ni nani atasoma salamu za rambirambi kwa Kiingereza, kisha Kiswahili, kisha lugha ya nyumbani. Hakuna aliyemuuliza namba yake ya TSC. Wanamjua.

Ukihama, karatasi unaiweka kwenye mkoba. Ujuzi unakwenda nao, ingawa sehemu yake itakataa kufanya kazi ugenini. Watu huwezi kuwabeba.

Tuanze na uhamaji ambao wengi hawauhesabu kuwa uhamaji, yaani kupangiwa kituo. Mzaliwa wa Butere anapata barua ya kwenda Molo. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na shuleni jembe lenyewe ni zamu: wiki ya kwanza tu mwalimu mpya ndiye mwalimu wa zamu, anasimama paredi mbele ya watoto ambao hajui hata jina la mmoja. Kazini anapokelewa haraka. Sokoni ni habari nyingine. Wazazi watamwita mwalimu kwa heshima, lakini matatizo yao watampelekea yule mwenyeji.

Kwa mwalimu wa madarasa ya chini, kituo kinaweza kugusa hata uwezo wa kufundisha. Sera yetu inataka watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Nakuru mjini hilo si shida, maana Kaptembwo, Rhonda au Free Area watoto wametoka kila pembe na lugha ya eneo ni Kiswahili. Lakini mpeleke mwalimu huyohuyo kijiji ambacho bibi wa kila mtoto ni wa lugha moja, uone. Mtu aliyesifiwa kwa usimulizi wa hadithi anajikuta anaomba mtoto wa mbele amtafsirie kilio cha mtoto wa nyuma. Ujuzi wake haujapungua, ila hauna tena njia ya kupitia.

Ndipo ikaja 2018. TSC ilianza kuwahamisha walimu wakuu kwa wingi kutoka kaunti za kwao, kisha na walimu wengine, mpango ambao walimu waliuita delokalaizesheni. Sababu zilizotolewa zilikuwa umoja wa taifa na usimamizi bora wa shule. Chama cha walimu cha KNUT kilipinga vikali. Familia zilizokuwa na walimu wawili zilitawanyika, baba Kericho na mama Migori, na katika kampeni za 2022 kuwarudisha walimu nyumbani ikawa ahadi ya William Ruto. Baada ya uchaguzi wengi walianza kurudi.

Kwenye suala hili nina maoni ambayo hayampendezi rafiki yangu yeyote mwalimu. Hali ya wengi ilikuwa ngumu, na kutenganisha mume na mke kwa jina la umoja wa taifa ni ukatili wa kiofisi. Lakini kuna walimu wakuu walionufaika kwa namna isiyotajwa kwenye mikutano ya chama. Mwalimu mkuu nyumbani kwake ni mtoto wa watu. Anayeleta zabuni ya maharagwe ni binamu. Anayetaka mwanawe aingie Kidato cha 1 kwa alama zisizotosha alimbeba mgongoni akiwa mchanga. Aliyeketi kwenye bodi ya shule ndiye aliyechangisha karo yake ya chuo. Mtu huyo akipelekwa kaunti ya mbali, kwa mara ya kwanza anakuwa mwalimu mkuu tu, si mjomba wa mtu. Anaweza kukataa maharagwe yenye wadudu. Watu wanaokushika ndio haohao wanaokubana, na uhamisho hukuondolea yote mawili kwa siku moja.

Kuna waliohama bila barua. Mapema 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru na Naivasha mwishoni mwa Januari, maelfu walijaa kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo na uwanja wa Afraha, huku wengine wakipanda malori kuelekea Kisumu, Kakamega na Busia. Kisumu nako kulikuwa na waliokuwa wakikimbia upande wa pili. Miongoni mwao walikuwa walimu, na hali yao ilikuwa na uchungu wa aina yake, kwa kuwa waliokuja na panga wakati mwingine walikuwa vijana waliowafundisha. Hapo linalovunjika si ajira. TSC iliwapa wengi vituo vipya na mshahara ukaendelea. Kilichovunjika ni imani kwamba kumfundisha mtoto wa mtu hukufanya uwe wa hapo. Nimewasikia walimu wa kizazi hicho wakisema tangu wakati ule wanafundisha vizuri tu, ila hawanunui kiwanja karibu na shule.

Kaskazini mashariki jambo hilo lilipata jina rasmi. Walimu kutoka Kisii, Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa walikuwa wamejaza shule za Mandera, Wajir na Garissa kwa miaka, na huko waliitwa walimu wasio wenyeji. Novemba 22, 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa na watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo ya Desemba. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa, na TSC ikawaondoa wasio wenyeji kwa wingi. Waliorudi huku walipewa shule nyingine, wengine karibu na kwao kabisa. Kwenye fomu lilikuwa jambo la furaha. Lakini mtu aliyekuwa mwalimu pekee wa Fizikia katika eneo zima, ambaye chifu alimsindikiza kituo cha basi, sasa ni mmoja wa wanne kwenye ofisi ya walimu Nyakach, na zamu yake ni ya kusimamia choo.

Nasi pia tumewahi kuwa wenyeji. Miaka ya 1970, utawala wa Idi Amin ulipowasukuma wasomi wa Uganda nje, wengi walivuka Busia na Malaba na kuingia madarasa ya sekondari Kenya. Wazee wa hapa waliosoma wakati ule bado huwataja walimu wao wa Uganda, Kiingereza chao na mashati yao yaliyopigwa pasi. Baadhi yao walikuwa wamefundisha chuo kikuu. Huku wakawa walimu wa Kidato cha 2, kwa cheo cha chini na heshima ya juu. Sijui kama tuliwahi kujiuliza wao walijionaje.

Uhamaji wa Afrika Mashariki nitaupitia haraka. Rwanda ilipobadili lugha ya kufundishia kuwa Kiingereza kuanzia 2008, walimu wa Kenya na Uganda walitafutwa, na Sudan Kusini nayo ilivutia wengi kabla na baada ya uhuru wake wa 2011. Huko Mkenya aliajiriwa kwanza kwa sababu ya Kiingereza chake, ualimu ukafuata. Itifaki ya Soko la Pamoja ya 2010 ilifungua mlango wa vyeti kutambuana, lakini wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo ndio waliotangulia kusaini mikataba yao. Mwalimu bado huvuka mpaka kwa mkataba wa shule moja na bahati yake.

Marekani ni habari ndefu zaidi, kwa sababu huko karatasi, ujuzi na watu hutengana waziwazi.

Njia inayotumiwa sana na walimu wa Kenya ni viza ya J-1 ya walimu. Inadai shahada inayolingana na digrii ya Marekani na uzoefu wa angalau miaka 2. Sharti la kwanza tayari linachuja: cheti cha P1, kilichokuwa tiketi ya ualimu wa shule za msingi kwa miaka mingi, hakitoshi. Mwalimu aliyelea madarasa ya kwanza ya nusu ya kijiji hafuzu kuwa mwalimu, na kijana aliyemfundisha kusoma, mwenye digrii na miaka miwili ya kazi, anafuzu. Kisha vyeti hupelekwa kwa kampuni za kutathmini, kwa ada, ili zieleze digrii ya Chuo Kikuu cha Egerton au cha Maseno ni sawa na nini. Majimbo mengi hudai pia mitihani yao ya leseni. Mtu aliyesahihisha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, miaka nenda miaka rudi anakaa mbele ya kompyuta kufanya mtihani wa somo lake mwenyewe. Wengine hulichukulia kama fomu tu, wengine huudhika hadi moyoni. Nadhani wote wana haki, ila aliyelichukulia kama fomu hulala mapema.

Viza yenyewe ina jambo la kuchekesha. Serikali ya Marekani inaiita ya mabadilishano ya utamaduni. Shule iliyomwajiri inaona nafasi ya Hisabati au elimu maalumu iliyokaa wazi imejazwa. Yeye mwenyewe anaona kazi, mshahara, na karo ya wadogo zake. Mtu mmoja, watu watatu wanamtazama, na kila mmoja anatarajia asubuhi tofauti.

Siku ya kwanza darasani ndipo watu wanapokosekana. Huku mwalimu akiingia watoto husimama, "Habari ya asubuhi, mwalimu!", naye anasema kaeni. Dakika hiyo ndogo ina kazi kubwa: darasa zima limekubali kwa sauti kwamba huyu ndiye. Kule hakuna anayesimama. Mmoja ana visikizi masikioni, mwingine anauliza kwa nini anaongea hivyo, wa tatu anamwita kwa jina la ukoo lililotamkwa vibaya. Hawakumkosea adabu kwa viwango vyao. Heshima kule humsubiri mwalimu aionyeshe kazi yake kwanza, tena huweza kuondolewa Jumanne na kurudishwa Alhamisi. Mwalimu aliyezoea heshima itangulie kazi huona ardhi imeondolewa chini ya miguu yake.

Silaha nyingine aliyoiacha ni fimbo, na tuseme ukweli. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, lakini kila anayefundisha huku anajua mwanzi bado huonekana nyuma ya kabati. Hata asiyeutumia hufaidika na kuwapo kwake. Akifika Marekani anaapa kuwa hapo ndipo penye sheria kali, halafu anagundua kwamba katika majimbo kadhaa ya kusini sheria bado inaruhusu kiboko shuleni, jambo ambalo kwao lilifutwa vitabuni zamani. Lakini kwake yeye, mgeni mwenye viza ya mkataba, hata kumshika mtoto bega ni hatari. Hubakiwa na sauti, utani na andalio la somo. Baadhi huniambia hapo ndipo walipojifunza kufundisha kwa kweli. Wengine walirudi kabla ya mkataba kuisha.

Elimu maalumu ndiyo humeza wengi, kwa sababu ndiyo yenye nafasi. Sheria ya Marekani ya tangu 1975 inampa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya mpango wa masomo ulioandikwa kwa ajili yake peke yake, na mpango huo ni hati ya kisheria: mzazi anaweza kuipeleka shule mahakamani. Kwa hiyo mwalimu aliyetoka darasa la 60 anakabidhiwa watoto kumi na makaratasi ya watoto mia. Kwake kazi nzuri ilikuwa wastani wa darasa kupanda. Sasa kazi nzuri ni kwamba Ijumaa mtoto mmoja amekaa kitini dakika nane badala ya tano, na imeandikwa. Sidhani kuna badiliko kubwa zaidi ya hilo katika maisha ya mwalimu. Baadhi huona kazi imekuwa ndogo. Wengine huanza kuwakumbuka, mmoja mmoja, watoto wa lile darasa la 60 waliokuwa wakikaa nyuma kimya.

Na nyumbani? Watu wale hawajamwachilia. Kundi la WhatsApp la ukoo lipo, M-Pesa ipo, harambee ya paa la kanisa ipo. Lakini wamembadilishia nafasi. Hawamwombi tena asahihishe wasifu wa marehemu, wanamwomba jeneza. Mwalimu ameondoka, mahali pake ameingia mtu wa majuu, na heshima aliyopata ni kubwa kuliko ya kwanza ila haina uhusiano wowote na kufundisha. Niliwahi kumuuliza jirani yetu mmoja kule Ahero kijana wao anafundisha somo gani Marekani. Alifikiri kidogo, akasema, "Anafanya vizuri."

Kuna wanaovuka bila ualimu wao kabisa. Uingereza ilipofungua viza ya wahudumu wa wazee na wagonjwa Februari 2022, miongoni mwa Wakenya waliokwenda kulikuwa na walimu: wa bodi, yaani walioajiriwa na bodi za shule na kulipwa kidogo kupita kiasi, wa shule za binafsi ambao 2020 korona ilipofunga shule walikaa miezi bila senti, hata wa TSC. Machi 2024 wakakatazwa kuja na familia, na Julai 2025 mlango ukafungwa kwa wahudumu wapya kutoka nje. Kwenye karatasi hao si walimu tena. Msikilize mmoja wao lakini akieleza anavyompangia mzee mwenye usahaulifu siku yake: picha ukutani, maneno mafupi, kurudia bila hasira. Hilo ni andalio la somo. Ujuzi umebaki bila karatasi na bila watu, na hakuna anayeulipia kwa jina lake. Naona wao ndio tunaowasahau zaidi tunapozungumzia suala hili, labda kwa sababu tunaona aibu kwa niaba yao, aibu ambayo wengi wao hawana.

Mwalimu wa Kiswahili ni kisa cha peke yake. Somo lake limekuwa la lazima tangu mfumo wa 8-4-4 wa 1985, lakini kwenye ofisi ya walimu mwenzake wa Fizikia ndiye aliyekaa kichwa juu. Sasa mambo yamegeuka kidogo. Rwanda iliifanya lugha hii rasmi 2017, Afrika Kusini ikatangaza 2018 kuiingiza shuleni kama somo la hiari, Uganda ikaamua 2022 ifundishwe kwa lazima, na kuna mpango wa Fulbright unaowapeleka vijana wa Kenya kuwa wasaidizi wa kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Mtu wa Bungoma ambaye Mombasa humcheka kwamba Kiswahili chake ni cha bara, akifika chuo huko anaitwa mzawa wa lugha, na anaulizwa habari za taarab na mapishi ya pwani. Hujibu. Nilimuuliza mmoja alijibu nini. Alisema aliwafundisha kupika ugali na akawaambia taarab ni wiki ijayo.

Kurudi ndiko kugumu zaidi kueleza, kwa sababu mfumo wetu haujui pa kumweka anayerudi. J-1 hukaa miaka 3, huweza kuongezwa hadi 5, kisha mwalimu lazima akae nje ya Marekani miaka 2 kabla ya kuomba tena nafasi kama hiyo. Aliyekuwa amejiuzulu TSC hukuta foleni ya walimu wasio na kazi, na tume yenyewe imewahi kutaja zaidi ya 300,000 waliosajiliwa bila ajira. Anapanga mstari nao. Mawaziri wa Jumuiya ya Madola walikubaliana 2004 juu ya itifaki ya kuajiri walimu kati ya nchi, inayogusa haki za mwalimu, wajibu wa nchi inayoajiri na maslahi ya nchi inayompoteza, ila haina nguvu ya sheria, na Marekani wala nchi za Ghuba hazimo kwenye Jumuiya hiyo. Miaka mitano ya kuandika mipango ya mtoto mmoja mmoja haina sanduku la kutiwa alama kwenye fomu ya kuomba kituo. Wapo waliofungua shule zao binafsi, Nakuru hasa, Lanet na Njoro, wakaandika kwenye bango kwamba mkurugenzi amefundisha ng'ambo. Hapo uzoefu ukapata thamani, kwa wazazi wenye uwezo wa kulipa.

Uhamaji sasa humfikia mwalimu kabla hajawa mwalimu. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi, ambao kabla ya kuthibitishwa kazini walilipwa takriban shilingi 17,000 kwa mwezi, walikuwa wakijaza fomu za J-1 wakati wa mapumziko ya chai. Aliyekwisha kuanza kujiona kwingine hufundisha vingine: haombi kukabidhiwa klabu ya mijadala, hatafuti nyumba karibu na shule, anahesabu miaka 2 ya uzoefu itimie. Chuo Kikuu cha Maseno, kinachojulikana kwa elimu ya mahitaji maalumu, kina wanafunzi wanaokuja kwa wito, wana ndugu kiziwi au jirani asiyeona, na wengine wanaokuja kwa sababu wamesikia ndicho kinachotakiwa Marekani. Wanakaa dawati moja na kusomeshwa na mhadhiri mmoja. Katika mazoezi ya kufundisha, wale wa pili huomba barua ya shule iandike saa walizokaa na watoto, tarehe kwa tarehe, na muhuri uwe unasomeka.